Nyumba Yenye Joto Kupita Kiasi

Fintan Clohessy alikuwa na pua ya kunusa pesa kwenye nyumba za watu. Mji mzima wa Limerick, Ireland, ulipoanza kuzungumzia ruzuku ya serikali ya kuzuia baridi majumbani, yeye, ambaye hakuwahi kusoma hata sharti moja la ruzuku hiyo, alijitengenezea kitambulisho na kujiita mshauri. Aibu hana, na huo ndio mtaji wake.

Siku hiyo alichungulia dari ya Bi Concepta Hanrahan, mjane mpenda ibada. Pale mlangoni pa dari, tochi ilimulika pamba ya kuzuia baridi, nene na safi. Udenda ukamtoka.

"Pole, mama," alisema akishuka ngazi. "Nyumba yako ina joto mno. Serikali inawasaidia wanaoganda."

"Yesu na Maria! Kwa hiyo sipati?"

"Utapata. Naing'oa hii pamba, mkaguzi akija anakuta baridi tupu. Yuro mia tano tu."

"Si wizi huo, mwanangu?"

"Wizi ni kuacha kodi yako iliwe na wengine."

Bi Concepta alifanya ishara ya msalaba, akakubali upesi mno kwa mcha Mungu. Ila alisema atalipa kazi ikiisha. Fintan hakujali, maana pamba yenyewe angeiuza mtaa wa pili. Angekula huku na huku.

Alipotambaa ndani zaidi, usafi ukaisha. Panya walikuwa wamezaliana na kufia humo vizazi kwa vizazi. Fintan alijikuna, akatapika, akaburuta magunia siku mbili, kwa kuwa mia tano ni mia tano. Nimwonee huruma? Hata chembe.

Mwishowe alinyoosha mkono apokee ujira. Bi Concepta akamtilia chai.

"Mwanangu, ruzuku yangu ilikubaliwa tangu Pasaka. Pamba mpya wanaweka bure. Gharama ya kuitoa ya zamani ndiyo iko juu ya mwenye nyumba, na kila fundi aliyewaona wale panya alitaka elfu mbili."

"Umenitapeli!"

"Mimi? Si wewe uliyejileta? Mia tano zako umeshalipwa na jirani yangu Bríd. Ulizichukua kwake mwezi jana, na mpaka leo bibi wa watu anamngoja mkaguzi wako, koti mwilini, ndani ya nyumba uliyoing'oa pamba."

"Naenda polisi!"

"Nenda, baba. Waeleze ulivyokuwa unanisaidia kuiibia serikali. Ila pakia magunia yako kwanza. Gari lako nimelipiga picha, namba na yote, nisije nikasikia umeyatupa mtoni."

Fintan alipakia mpaka gunia la mwisho, akaondoka na uvundo wake, madirisha yote ya gari wazi, mvua ikimpiga usoni.