Madamu Tavernel na Vita vya Mlango

Kitendawili! Mwenye nyumba kaingia mwenyewe, hakunenepa, hakufungiwa, na kutoka hawezi. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Paris? Nimeupokea. Tulizeni nyoyo, enyi wenye masikio, msikie habari kuu ya Madamu Ursule Tavernel, mjane wa mshona glavu, simba jike wa orofa ya nne, na vita alivyopigana na mlango wake mwenyewe.

Jioni ile binti yake wa pekee, Apolline, alikuwa aimbe kwa mara ya kwanza katika jumba la opera, wimbo mmoja tu, pazia likifunguka. Mama aliapa kumwona ama afe. Ndipo Bwana Lioret, msusi wake, amiri wa machanuo, akapanda ngazi na kumsuka nywele tangu asubuhi: manyoya ya farasi ndani, mafuta ya nguruwe juu, unga ukatanda kama vumbi la majeshi, na kileleni bustani nzima ya maua ya kubandika, yenye kinu kidogo cha upepo. Dari aliipima. Gari la farasi aliliulizia. Mlango, ole wake, hakuupima.

Madamu akaukabili. Kinu kikagonga kizingiti cha juu, ta! Akainama, sketi yake ya fito, pana kama kitanda cha harusi, ikakwama kushoto na kulia. Akaenda ubavu, sketi ikapita, nywele zikakataa.

“Bwana Lioret!” akanguruma. “Umenijengea mnara, ukasahau nina mlango?”

“Madamu, nywele ziko sawa kabisa. Mlango ndio mfupi.”

“Tupunguze bustani kidogo, Bibi,” akasema Perrine, mtumishi wake.

“Weka mkasi chini, wewe! Nikienda na kichwa bapa, kesho mji mzima utamcheka mwanangu.”

Kengele za kanisa zikalia. Muda ulikuwa unayeyuka.

“Perrine, fungua kamba za sketi.”

“Mbele ya Bwana?”

“Bwana atazame ukuta! Leo sketi itatangulia, mie nitafuata.”

Sketi ikasukumwa nje kama ngome iliyotekwa. Naye, shujaa asiyeinamisha shingo, akapiga magoti, mgongo wima kama mshumaa, akasonga goti baada ya goti, kinu kikipita chini ya kizingiti kwa upana wa ukucha.

“Madamu Tavernel, wenda kuhiji?” jirani akamtania pale ngazini.

“Naenda opera, shoga! Pisha!”

Akavikwa sketi papo hapo, mbele ya umati wa majirani uliopiga makofi. Hata garini alipiga magoti, maana paa nalo lilikuwa na kiburi. Akaketi operani pazia likifunguka.

“Ng'oeni hiyo bustani, hatuoni!” akafoka bwana mmoja nyuma yake.

“Wewe sikiliza tu, baba. Yule ni wangu. Kuona niachie mimi.”

Sauti ya Apolline ikatoka, ikatetemeka, kisha ikasimama imara. Madamu alikuwa amechubuka magoti yote mawili, wala hakuhisi kitu.

Mwaka ule wafalme walitwaa ngome na kuzipoteza, nani anazikumbuka? Lakini watu wa ngazi ile, mkiwauliza umri wa watoto wao, huhesabu tangu siku Madamu Tavernel alipotoka nyumbani kwake.