Jogoo na Shoka Chumbani Manyatta

Jumatatu, 3 Julai 1967
Mgongo umekwisha. Magunia ya pamba bandarini tangu asubuhi. Jioni, darasa la ngumbaru, sisi watu wazima. Mwalimu Adero akauliza tofauti ya "house" na "home". Nikainua mkono kwanza! Nikasema hakuna, mwenye chumba mtaani hapa Manyatta anazo zote mbili. Kicheko! Zadock, mchukuzi mwenzangu, mjuaji wa yote, akasema house ni pa kulala, home ni pa kuzikwa. Akaniuliza, "Sasa Wepukhulu, tukuzike chini ya kitanda?" Akapigiwa makofi.

Na mke wangu Nabalayo ametuma neno kutoka kwetu Kimilili. Anakuja Jumamosi. Akikuta pa kulala tu, atarudi kesho yake. Akikuta nyumbani, atakaa mpaka mahindi yakomae. Miezi saba sijamwona.

Jumatano, 5 Julai
Dawa nimepata! Zadock amejisifu jinsi baba yake alivyofungua boma jipya: alfajiri, jogoo mkononi, shoka begani, moto. Basi, hapo ni home! Kwetu sijaona hivyo, lakini ugenini hufuatwa mila ya wenyeji. Nimeazima jogoo wake. Wa nini, sikusema.

Ijumaa, 7 Julai
Nimeingia chumbani alfajiri: jogoo, shoka, jiko la makaa. Jogoo akawika. Mama Apiyo, mwenye nyumba, akatoka na leso moja. Kuona shoka, yowe! Eti nafungua boma ndani ya boma la marehemu mumewe! Wazee wakaja mbio. Nikaeleza ni somo la Kiingereza tu. Wakakasirika zaidi. Hukumu: jogoo achinjwe kuondoa mkosi, nami nihame kesho. Wakamla wote. Sikupewa hata shingo.

Jumamosi, 8 Julai
Nabalayo amenikuta nje, nimeketi kitandani kando ya njia, sufuria miguuni. House hakuna, home hakuna. Macho yakaniwasha. Vumbi.

Nabalayo akatua mzigo wake. Akapanga mawe matatu, akawasha moto, akapika ndizi alizobeba. Mama Apiyo akasogea, akaonja, akakaa. Mwishowe akasema mama huyu hawezi kulala nje. Turudishe kitanda, ila shoka libaki kwake.

Usiku nikamwuliza Nabalayo kama anarudi kesho. Akasema mtu wa kufukuzwa kwa ajili ya kuku haachwi peke yake. Akanikanda mgongo. Mpaka mahindi yakomae!

Jumatatu, 10 Julai
Zadock anadai jogoo wake. Darasani akamnong'oneza mwalimu jambo. Mwalimu Adero akauliza tofauti ya "borrow" na "steal", yaani kuazima na kuiba. Wote wakanigeukia.

Nikainua mkono kwanza! Nikasema hakuna.