Vita vya Liberatus na Mkono Uliotoka Ukutani

Tueni mizigo, enyi mpandao kilima na mikungu ya ndizi vichwani! Wekeni chini viazi vyenu, nyamazisheni watoto, kwani habari niletayo ni kubwa: habari za Liberatus mwana wa Iringa, Mjuzi wa Visivyoonekana, Mshika Kiwembe, mwanafunzi wa uganga aliyeipanda milima ya Rungwe mwaka ule wa hamsini na kitu, aende kuipiga vita ndui. Ila msicheke kabla sijafika pa kuchekea.

Ndui ilikuwa imeonekana sokoni Uyole, na watu wa kilima kile walishuka Uyole kila wiki kuuza mazao. Hapo hapakuwa na mzaha. Daktari alimtuma Liberatus peke yake, akamwagiza asimwache mtu hata mmoja bila chanjo, naye Liberatus akayapokea maneno hayo kana kwamba ametawazwa. Alipopanda kilima, kifua chake kilitangulia, miguu ikafuata.

Ukungu ungali umelala migombani, shujaa akapanda juu ya kigoda mbele ya kanisa, akahutubu:

“Enyi watu wa kilima! Adui yenu haonekani hata kwa hadubini yetu ya hospitali. Jina lake kirusi! Hana mdomo, hana tumbo, hana kwake. Huvamia chembe hai ya mwili na kuigeuza kiwanda cha kuzalia wenzake. Huanza na homa na mgongo kuuma, kisha vipele hujaa usoni na mikononi kuliko kifuani, vyote rika moja, si kama tetekuwanga ichipuayo kwa zamu. Nami nimewaletea ndugu yake mpole, kirusi hai kutoka ngozi ya ndama, aufundishe mwili wenu vita kabla vita havijafika!”

“Ndaga,” wakashukuru watu kwa Kinyakyusa, kwa adabu, wasielewe nusu yake.

“Bwana mganga,” akauliza mzee Asukile, mkubwa wa kilima, “inauma?”

“Maumivu ni mavumbi mbele ya Sayansi!”

“Basi chanja, mwanangu. Tuna mahindi ya kupalilia.”

Hapo ndipo hekima ya Liberatus ilipofura mpaka ikapasuka. Akamketisha Asukile kando ya meza ya chanjo, bega wazi, awe mfano kwa wote, akamwamuru asiondoke mpaka mtu wa mwisho. Damari, mke wa Yotamu mwana wa Asukile, alikuwa wa kwanza kwenye mstari, mtoto mgongoni. Alipomwona baba mkwe wake alijifunika uso kwa kanga, akatokomea migombani. Kwa Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, na hilo kila mtoto wa kilima alilijua. Mhehe wetu wa shule hakulijua, wala hakuuliza.

“Amenikimbia!” akanguruma, na moyoni akafurahi kidogo kuogopwa.

Akawachanja waliobaki kwa madaha ya mfalme agawaye nchi. Kila mkono aliuogesha spiriti, na spiriti ingali inachuruzika akadondosha dawa na kukwaruza. Kisha akachomoka kumfuata mtoro, kisanduku kwapani. Migomba ikampiga makofi, mfereji ukamlaza kifudifudi, na chupa ya spiriti ikavunjikia humo. Akafika nyumba ya mianzi, matope mpaka masikioni, akakuta mlango umefungwa.

“Toka, ewe mwoga! Sayansi inakuita!”

“Nani mwoga?” sauti ya Damari ikajibu ndani. “Mimi kiwembe chako sikiogopi hata kidogo. Umemkalisha baba mkwe pale mezani kama picha, mimi nipite wapi?”

“Basi fungua nikuchanje humo humo.”

“Mume wangu hayupo, na wewe ni mwanamume mgeni. Simama hapo hapo ukutani.”

Mianzi miwili ikaachana, na mkono ukatoka, umejaa udongo wa shamba. Spiriti ilikuwa inakwenda na maji ya mfereji, hivyo shujaa akanywea na kumwomba aunawe. Mkono ukarudi ndani, ukatoka safi, mkavu. Akauchanja. Kisha ukatoka mkono mwingine, mdogo, wenye vidole vilivyokunjwa.

“Na huyu. Anaitwa Sekela. Polepole, bwana mganga.”

Liberatus aliwahi kumwona wodini mtoto wa umri huo aliyeshikwa na ndui. Safari hii hakuhutubu. Akachanja polepole kama alivyoambiwa.

Wiki iliyofuata akarudi kukagua, kilima kikampokea kwa vigelegele na kuku aliyefungwa miguu.

“Tazama!” akasema Asukile. “Hata alama hakuna. Mkono wako mwepesi, mwanangu!”

Mikono yote ikainuliwa kumsifu, laini, mitupu, bila lengelenge wala kigaga cha chanjo iliyoshika. Liberatus akaikagua mmoja mmoja, kisha akaelewa. Yeye aliyetangaza kwamba kirusi cha chanjo ki hai, ndiye aliyekizamisha kwenye spiriti mbichi kabla hakijagusa damu ya mtu. Angeweza kumchukua kuku wake akashuka zake. Akaenda kwanza kwenye ukuta wa mianzi.

“Umetuharibu!” Damari akafoka, akitoa mikono miwili, wake na wa Sekela, kila mmoja na lengelenge nene. “Yanawasha, mtoto halali. Wenzangu wote wamepona!”

“Mama Sekela,” akasema Liberatus, “ninyi wawili tu ndio mliopona.”

Akarudi kanisani. Kigoda kilikuwapo, hakukipanda.

“Wazee wangu, niliwachanja bure. Spiriti yangu iliua dawa. Naomba tuanze upya, na mzee akishachanjwa, tafadhali aende nyumbani.”

Asukile akainama, akamfungua kuku miguu.

“Basi kuku arudi bandani kwanza,” akasema, akakunja mkono wa shati.

Na ivume habari hii kutoka Rungwe hadi Iringa, watu wa vizazi vijavyo wajue: Liberatus, Mjuzi wa Visivyoonekana, aliongoza vita dhidi ya ndui, akapigana na kilima kizima, akateka mikono miwili, na hata hiyo miwili alinyooshewa kupitia ukuta.