Nyota ya Bwana Hettige Yavuka Bahari

Kamati Kuu ya Safari za Kriketi ilifurahi kuwatangazia wananchi wote wa Sri Lanka kwamba ushindi wa timu ya taifa huko Uingereza ulikuwa umekwisha kupangwa, na kilichobaki ni kwenda kucheza tu.

Tangazo lilisomwa Jumatano, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, kwa kuwa mnajimu wa Kamati, Mzee Piyatilake, aliona mkosi katika dakika ya kumi na sita. Waandishi wa habari waliisubiri dakika hiyo kwa utulivu, taa ya mafuta ya heri ikiwaka mbele yao, midomo imejaa wali wa tui.

Aliyesoma ni Katibu wa Kamati, Bwana Hettige, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye kitambi cha heshima na hamu moja tu maishani: koti. Si koti lolote, bali lile la buluu lenye nembo kifuani, wanalopewa wachezaji kumi na watano wa safari. Kwa miaka thelathini alikuwa akiyaagiza makoti hayo, anavikagua vifungo, kisha anawagawia vijana wasiojua hata kuyatundika. Kanuni ilikuwa wazi: asiyemo kwenye orodha ya wachezaji havai.

Bwana Hettige hakuwa mtu wa kuvunja kanuni. Kwa hiyo akaingia kwenye orodha.

Alimwendea Mzee Piyatilake na majani arobaini ya tambuu, kama adabu inavyotaka, na chini ya majani tiketi nane za jukwaa kuu.

"Mzee wangu, hebu itazame tena nyota yangu. Nahisi mara ile ulipita haraka."

Mzee akazihesabu tiketi kwa kidole. "Kweli, nilipita haraka. Hapa karibu na sayari ya Mshtarii naona mtu asiyeweza kushindwa na mrushaji mpira yeyote ng'ambo."

"Yeyote?"

"Kwa tiketi nane, yeyote."

Kamati iliijadili nyota hiyo kwa dakika nne, na keki kwa saa nzima. Ikaonekana kwamba taifa haliwezi kuiacha nyumbani bahati kubwa namna hiyo. Jina lililokatwa ni la Chamod, mpigaji wa kwanza kutoka Matara, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amepata mikimbio mia mbili na sita katika mechi moja, lakini kwa nyota ya kawaida kabisa.

Chamod alikuja ofisini, kofia mkononi.

"Bwana Katibu, nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu. Ungekosea tungekusamehe. Tatizo lako ni Zohali, sayari ya mkosi iliyokukalia."

"Niingoje ipite mpaka lini?"

"Miaka saba na nusu. Upesi tu."

Huko Uingereza mechi ya kwanza ilipangiwa siku tano, ikaisha siku ya tatu, na si kwa heri. Bwana Hettige aliitazama yote kutoka barazani, amefunga vifungo vyote vya koti, akipigwa picha. Siku hiyo hiyo simu ikalia. Alikuwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Abeykoon, kutoka Colombo.

"Hettige! Umevaa nini sasa hivi?"

"Koti, Mheshimiwa."

"Livue. Vaa nyeupe za kuchezea. Tuna mtu asiyeshindwa na mrushaji yeyote, na tumemkalisha barazani anakula sandwichi! Wananchi watatuelewaje?"

Bwana Hettige akakishika kifungo cha juu cha koti. Mrushaji wa Waingereza alikuwa na urefu wa mlango, na tayari alikuwa amewavunja watu vidole viwili na ubavu mmoja.

"Mheshimiwa, tuseme ukweli. Ile nyota, Mzee Piyatilake aliisaidia kidogo."

Mwenyekiti akashusha sauti.

"Hettige, ile nyota yangu iliyotundikwa ofisini, inayosema nitang'ara kuliko wote nyumbani na ng'ambo, aliiandika nani?"

"Mzee Piyatilake."

"Naye huwa anadanganya?"

Bwana Hettige akaikumbuka pensheni yake. "Hajawahi, Mheshimiwa."

"Basi utapiga wa tatu."

Asubuhi ya mechi ya pili, nahodha Lasantha, kijana mpole aliyekuwa na ugonjwa wa kusoma nyaraka zote za Kamati mpaka mwisho, alimfunga Katibu pedi za miguuni kwa mikono yake.

"Mzee, umewahi kushika gongo?"

"Nimeyapokea na kuyatilia saini kwa miaka thelathini."

"Basi sawa. Mpira wa yule mrefu usihangaike kuutazama. Utausikia."

Wapigaji huanza wawili; mmoja wao alitolewa saa tano na dakika ishirini, zamu ikawa ya wa tatu. Bwana Hettige akashuka ngazi, kofia ya chuma imemziba masikio, akafika kwenye kamba ya mpaka, akainua mguu wa kulia, akabaki ameuinua. Waraka Namba 14, alioutunga mwenyewe, ulikataza mchezaji yeyote kuvuka kamba kabla ya saa yake ya heri, au kwa kutanguliza mguu wa kushoto, ulio wa mkosi. Saa yake ilikuwa tano na dakika arobaini na mbili.

Mwamuzi akamjia. "Unaingia au huingii?"

"Naingia. Bado dakika ishirini na moja."

Sheria ya kriketi inatoa dakika tatu. Zilipokwisha, mwamuzi akainua kidole: ametoka. Bwana Hettige akatikisa kichwa kwa uchungu mbele ya watu, na moyoni akazishukuru sayari zote tisa.

Nyumbani, kwenye vibanda vya chai, watu walisogelea runinga.

"Huyo korongo ni nani?"

"Ndiye aliyechukua nafasi ya Chamod."

"Kha! Na koti wamempa?"

Mechi ya pili nayo ikapotea. Bwana Hettige aliandika ripoti kwamba, kama ilivyotabiriwa, hakuna mrushaji aliyemshinda. Kamati ikaipokea kwa makofi, ikathibitisha kwamba Mzee Piyatilake hakosei.

Hapo ndipo nahodha Lasantha alipoomba kuzungumza na waandishi wa habari.

"Kwa kuwa nyota zimethibitishwa," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "kwa mechi ya tatu tunamwomba mwenye nyota kubwa kuliko zote. Mheshimiwa Abeykoon afungue upigaji. Pedi zake tumeshazipanua."

Nchi nzima iliunga mkono. Kufikia mchana, mashabiki walikuwa wamerundika magongo kumi na moja mlangoni kwa Mheshimiwa, na bendi ilikuwa njiani.

Kamati ilikutana ghafla, bila taa ya mafuta wala wali wa tui, ikatangaza kwamba, baada ya utafiti wa kina, imebainika kuwa nyota za Sri Lanka hazina mamlaka nje ya mipaka ya nchi. Chamod akapandishwa ndege ya kwanza iliyopatikana, saa saba na dakika yoyote.

Makoti yalikuwa kumi na matano, wala kanuni haikubadilika. Bwana Hettige akalifungua lile lake kifungo kimoja kimoja, akalikabidhi. Chamod akalivaa, likamzunguka mara mbili, akalitundika vizuri kwenye msumari, akaenda kupiga.

Alipofikisha mikimbio tisini na nne, alinyoosha mkono kuomba maji. Siku hiyo mbeba maji wa timu alikuwa Katibu wa Kamati. Alikimbia mpaka kwenye kamba, akainua mguu wa kulia, akasita, akaitazama saa.

"Vuka, mzee!" Lasantha akapiga kelele kutoka barazani. "Mtu ana kiu!"

Bwana Hettige akavuka, na kwa haraka ile akatanguliza mguu wa kushoto.