Natafuta wa Kunidhulumu

Mwezi wa Kuchemsha Kunde, tarehe tatu, siku ya Athena

Nimechoka. Baba mkwe ametuma salamu kwamba tarehe nane atakuja kumchukua binti yake. Amesikia habari ya mafuta ya zeituni niliyotia maji kabla ya kuyauza. Eti hakumwoza Timarete kwa mlaghai. Nikamwambia Timarete kwamba mafuta na maji vilikutana kwa bahati mbaya. Akaendelea kufuma. Siku hizi anafuma sana.

Sitaki aende. Bila yeye nyumba hii ni kuta na panya. Nikiulizwa kama niliandika haya, nitakana.

Kwa hiyo sina budi kuwa mtu mwema kabla ya tarehe nane. Wenzangu wamepewa maisha mazima kwa kazi hiyo!

Tarehe nne, siku ya Herme

Nimekwenda kwa Onasimo, yule mzee wa maswali ashindaye kwa fundi viatu pale sokoni. Mpango: anifundishe wema upesi, kisha anishuhudie kwa baba mkwe. Nikamwuliza wema unapatikana vipi. Akaniuliza wema ni nini. Nikasema ni kumpa kila mtu anachostahili. Akauliza kama najua kila mtu anastahili nini. Nikasema bila shaka. Akauliza mimi mwenyewe nastahili nini. Nikauliza bei ya viatu.

Jirani yangu Molon alikuwepo, ameketi mbele kabisa, akitikisa kichwa kama anayeelewa. Ana mbuzi wanane na uso wa mtu aliyelala vizuri. Simpendi.

Ila mwishoni Onasimo akasema jambo la maana. Kwamba ni heri kudhulumiwa kuliko kudhulumu, kwani anayedhulumiwa hupoteza mali tu, lakini anayedhulumu huharibu nafsi yake. Watu wakaanza kutafakari. Mimi sikutafakari, nilishaelewa. Kinachotakiwa ni mtu wa kunidhulumu! Athene nzima, nitakosa mmoja?

Tarehe sita, siku ya Artemi

Nimekosa.

Nilibomoa ukuta wangu upande wa Molon ili mbuzi wake waingie kwenye kabichi. Wakaingia. Wakala kwa bidii. Nikafurahi. Mara Molon huyo, anatweta, anaomba radhi. Akaujenga ukuta upya, imara kuliko wa kwanza, akaniachia na jibini. Nikaona nimtukane labda atanipiga. Nikamwita mwizi wa zabibu, mwana wa punda. Akakuna kidevu akasema, "Huenda ni kweli, jirani. Hebu tulichunguze pamoja."

Mtu wa namna hii utamfanya nini? Jibini lilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tarehe saba, siku ya Apolo

Sikukuu. Kila mtu anakula kunde. Molon na watu wake walitoka wote kwenda kwenye maandamano. Basi nikamchukua mbuzi wetu wa madoa, nikampitisha nyuma, nikamfungia katika banda la Molon. Aliniangalia kama hakimu.

Kesho nitapiga yowe la wizi mbele ya baba mkwe. Nyumba itapekuliwa, mbuzi ataonekana, nami nitakuwa nimedhulumiwa hadharani. Timarete ameniuliza mbuzi yuko wapi. Nikasema sijui. Akanipakulia kunde.

Tarehe nane, siku ya Poseidoni

Laiti nisingeamka.

Baba mkwe kafika na punda wa mizigo. Nikapiga yowe. Majirani wakajaa, na Onasimo naye, maana penye watu hakosi. Nikamtaja Molon. Yeye akasema nipekue tu, karibu. Ndipo baba mkwe akanikumbusha sheria, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Anayepekua nyumba ya mtu huingia uchi, asije akapenyeza kitu yeye mwenyewe. Tena huapa kwanza kwamba anaamini atakipata.

Nikaapa. Sijawahi kula kiapo cha kweli kama kile! Nikavua. Upepo wa mwezi huu hauna adabu. Nikaenda moja kwa moja bandani.

Mbuzi hayupo. Nikatafuta kwenye majani, jikoni, chini ya kitanda. Mama yake Molon akanifukuza na mwiko, akipiga kelele kwamba umri wote huu hajaona mtu aliyeibiwa mbuzi na nguo kwa pamoja.

Natoka, namwona Timarete mlangoni kwetu, kamba mkononi, mbuzi pembeni. Molon alikuwa amemrudisha alfajiri, akidhani kapotea njia, tena akaomba radhi! Timarete alinyamaza makusudi. Alitaka aone kama nitaapa.

Baba mkwe akaniuliza mbona nilikwenda bandani bila kugeuka kushoto wala kulia. Nikajitetea kwamba hata ikiwa ni mimi, mtu hawezi kujiibia mbuzi wake mwenyewe. Uso wa Onasimo ukang'aa. Akaanza: je, mtu anaweza kujidhulumu? Mimi natetemeka, yeye hana haraka. Tukafika mahali ambapo nusu yangu ni mdhulumu na nusu ni mdhulumiwa, nami nikaanza kuona matumaini. Kisha akauliza, kana kwamba ni jambo dogo tu, mbuzi ni wa nani.

"Ni wangu," akasema Timarete. "Nilikuja naye siku niliyoolewa."

Onasimo mwenyewe alikosa swali.

Wameondoka. Timarete alinitupia joho alilokuwa akifuma, nijisitiri. Kumbe lilikuwa langu. Limenikaa sawasawa.

Tarehe tisa, siku isiyo na mungu wake

Nyumba kimya. Panya hawanikimbii tena. Nimelia kidogo, kisha nimefikiri sana.

Nimeona kosa lilipokuwa: mbuzi alikuwa wa Timarete. Basi nikimpelekea mbuzi mwingine wa fidia, atarudi. Mimi sina, lakini Molon anao wanane. Kumwomba ni aibu, atanipa na jibini juu. Ila si yeye anayeamini kwamba ni heri kudhulumiwa? Kumbe nitakuwa nimemfanyia hisani.

Jioni hii akienda kwa Onasimo, naingia bandani. Nitavaa joho jipya. Kuna baridi.