Amiba Mbele ya Kamati ya Vyeo

Kamati Kuu ya Kuzuia Ulimbikizaji wa Vyeo iliwatangazia wananchi, kwa fahari kubwa, kuwa imemnasa mkosaji wake wa kwanza. Mkosaji huyo alikuwa amiba, mkazi wa ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu cha biolojia. Aliyekiandika kitabu, mwalimu wa sekondari mwenye miaka ishirini kazini bila onyo hata moja, aliitwa ajieleze au afukuzwe.

Alifika asubuhi na mapema, hadubini kaipakata kama mtoto mchanga, na amiba hai ndani ya tone la maji chini ya lenzi.

"Mwalimu," Mwenyekiti alianza, "umeandika kwamba huyu anakula, anapumua, anatembea, anatoa taka na anazaa. Peke yake?"

"Peke yake, mheshimiwa. Ana seli moja tu. Sisi tunazo nyingi, zimegawana kazi: za damu zinabeba hewa, za neva zinapeleka habari. Yeye hana wa kumtuma."

"Achague kazi moja."

"Akichagua kula tu, atakufa."

"Afe kwa kufuata utaratibu."

Mwenyekiti akachungulia kwenye hadubini. Amiba alikuwa anameza kijidudu, bila kibali.

"Jeuri huyu!" aling'aka, akasaini azimio papo hapo: kiumbe yeyote mwenye kazi zaidi ya moja abaki na moja, nyingine zifutwe dakika hiyo hiyo. Wajumbe wakapiga makofi.

Ndipo Katibu, mama mmoja aliyezoea kutekeleza maandishi kama yalivyo, akakohoa.

"Mzee, wewe ni Mwenyekiti, Mkurugenzi wa Vitabu, Mkuu wa Usafiri na Msimamizi wa Nidhamu. Unabaki na kipi?"

"Mimi siyo kiumbe!"

Katibu akaliandika na hilo.

"Basi nabaki Mwenyekiti, na najisamehe!"

"Misamaha hutolewa na Msimamizi wa Nidhamu, mzee. Kiti hicho kiko wazi."

Mwenyekiti aling'ang'ania uenyekiti. Kwa kuwa kumfukuza mwalimu ilikuwa kazi ya Mkurugenzi wa Vitabu, na mkurugenzi hakuwepo tena, mwalimu alifunga hadubini yake, akaaga kwa adabu, akatoka.

Nje alimkuta Mwenyekiti anavuta mlango wa gari, haufunguki.

"Samahani, mzee," dereva alisema kupitia kioo. "Hili ni la Mkuu wa Usafiri."

Mwenyekiti alikaza tai. Alitazama barabara huku na huku, kisha akamuuliza mwalimu, kwa sauti ya chini, kituo cha basi kiko upande gani. Mwalimu akamwonyesha kwa kidole, na kwa kuwa mzee alionekana hajaelewa, akarudia polepole.