Mwezi wa Idi Nilioutoa Kwenye Simu

Leo nimefedheheka, jamani, na nina hasira. Nawasimulia mwenyewe kabla Pangani nzima haijawafikishia na chumvi juu.

Mnaijua kazi yangu. Napiga picha za kuwavutia wasafiri, zile zenye rangi za ndotoni. Bahari naigeuza zambarau, minazi naitia samawati, mchanga unapata wekundu wa pera lililoiva. Mtu akiiona anatamani kufunga begi. Shangazi Mwanahawa, ninayeishi kwake, husema hiyo si kazi, ni kuisingizia bahari. (Leo nimemwelewa.)

Basi leo, Ramadhani ishirini na tisa, mwenye nyumba moja ya wageni akaniomba picha ya jioni ya kuwaita wageni wa Idi. Nikavuka kwa kivuko hadi Bweni, ng'ambo ya mto, na swaumu yangu na kiu yangu, nikaielekeza kamera kwenye mdomo wa mto na bahari. Mawingu matupu! Anga lote rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nikapiga hivyohivyo, nikarudi nimenuna.

Baada ya kufuturu nikaishika simu. Bahari zambarau, tayari. Minazi samawati, tayari. Anga likakataa kila rangi niliyolitia. Sasa ile programu ya kuhariri picha ina picha za anga za kubandika, nikachagua moja ya waridi, laini, ya kuleta usingizi. Pembeni ilikuja na kimwezi chembamba. Nikakiona. Nikasema kinapendeza. (Mkikutana nami nipigeni kofi.) Nikairusha mtandaoni na maneno matatu, "Pangani jioni hii", kisha nikajilaza.

Mtaa mzima ulikuwa nje kuutafuta mwezi, mawingu yamewanyima, halafu mjinga mmoja anawaletea picha. Shangazi akaituma kwenye kundi la ukoo, akaongeza kwamba mwezi umeandama na mwanawe kaupiga picha. Ukoo ukaisambaza mitaani. Hakuna aliyeniuliza, hata mmoja, na mimi nipo chumba cha pili, miguu inaonekana mlangoni! Hilo ndilo linaloniumiza.

Nikashtuliwa na ukelele wa jogoo uani. Ukakatika katikati. Jogoo huyo Shangazi alikuwa akimlisha pumba tangu Rajabu kwa ajili ya Idi, na ndiye aliyekuwa akituamsha daku. Natoka mbio, nakuta jirani anafuta kisu.

"Idi mubaraka, mwanangu," Shangazi akaniambia, uso umemng'ara.

Sijafungua mdomo, nikaitwa msikitini. Mzee Bakari, imamu wetu, anamtaka shahidi.

Barazani wanaume wamejaa, wanabishana kama kuna tarawehe ama hakuna. Mzee Bakari ameishika simu ya mtu mbali na macho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikalisha mbele ya wote.

"Umeuona kwa macho yako?"

"Picha ni yangu, mzee."

"Sikuuliza picha ya nani. Hapa nyuma si bahari?"

"Ndiyo."

"Bahari yetu iko mashariki. Mwezi mchanga tunautazamia magharibi, miaka nenda miaka rudi. Huu wako umetokea wapi?"

Waliokuwa wakibishana wakaanza kuangalia ndala zao. Wazaliwa wa hapa wote, na hamu ya sikukuu imewasahaulisha jua linatua upande gani. Lakini nani anatazamwa? Mimi.

"Kwenye simu," nikasema.

"Na bahari kuwa zambarau?"

"Nimeitia mimi."

"Na minazi?"

"Mimi."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yenyewe ikanichoma kuliko matusi. "Mwanangu, kuna kitu chochote humu alichokiumba Mungu?"

Nikaikagua picha. Nikaona pembeni kitu kimoja ambacho sikukigusa.

"Mtumbwi, mzee."

Baraza likaanguka kwa kicheko. Kuna mtu alilia kabisa. Redio iliyokuwa pale barazani nayo ikamalizia: mwezi haukuonekana, tunakamilisha thelathini. Mzee Bakari akahukumu palepale kwamba, kwa kuwa mimi ndiye niliyewatangazia watu Idi, mimi ndiye nitakayewaamsha daku, nyumba kwa nyumba.

Nimerudi nyumbani nikijitetea peke yangu njiani: ile ni sanaa, sikuandika mwezi umeandama, nani kawatuma kuchinja? Shangazi hakutaka kusikia. Alikuwa ameshaniwekea debe tupu na kijiti cha kulipigia mlangoni.

"Jogoo yumo chunguni," akasema. "Kuwika utawika wewe."

Basi kabla ya alfajiri likipita debe na mtu anaita daku kwa sauti ya kununa, ni mimi. Amkeni, kuleni, tieni nia. Ila madirisha yafungeni, na asitoke mtu kunipiga picha.